Nilivyokuwa Mdomo wa Bwana Mbung'o

Juzi kijana mmoja wa chuo kikuu aliletwa hapa Ruangwa kutueleza ugonjwa wa mikorosho. Suruali imepigwa pasi, miwani imekaa vizuri puani. Alisimama mbele ya wakulima akasema saa nzima bila kukohoa. Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Kimya. Akafurahi, akadhani tumeelewa, akapanda gari akaenda zake. Jirani yangu akanigeukia: "Salum, yule mtoto anataka tukate mikorosho au anataka kura?"

Nilicheka, lakini nilimsikitikia. Angeletwa nyumbani kwangu akae wiki moja tu, ningemrudisha Dar es Salaam akiwa mtu mwingine. Kazi anayoijaribu yeye, ya kutoa elimu ya viumbe kichwani mwa msomi na kuiingiza kichwani mwa mkulima, mimi niliifanya kabla hajazaliwa, tena niliifanya mahali ambapo ukikosea neno moja unakatwa panga.

Ndiyo maana naandika, nyinyi vijana msome. Msitazame mwandiko. Shule niliishia darasa la pili. Leo nina mashine ya kusaga, nina nyumba ya bati, na mikorosho yangu ukitaka kuizunguka asubuhi lazima uwe umeshakunywa chai. Hakuna aliyenirithisha hata jembe. Mdomo huu ndio ulionipa vyote. Wala msinibambikie uzee, kazi nimeiacha lakini meno yangu yote ninayo.

Kazi niliipata Nachingwea, wakati mitambo ya Wazungu inang'oa misitu ili ipandwe karanga. Mji ulikuwa unavimba kama andazi kwenye mafuta. Watu walitoka kila upande, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, na sisi Wangindo tuliohamishwa kutoka upande wa Liwale kwa ajili ya malale na tembo. Mimi nilikuwa utingo wa lori. Siku moja karani alishindwa kuelewana na vibarua, kila mmoja analalamika kwa lugha yake, vurugu tupu. Nikapanda juu ya pipa nikawatuliza kwa lugha nne, moja baada ya nyingine, na nikawachekesha kwa zote nne. Pembeni alikuwa amesimama Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, mkononi ana wavu wa kunasia wadudu. Alinitazama mpaka nikashuka. Kesho yake nikawa mtu wake.

Alikuwa profesa wa elimu ya viumbe, ametoka chuo kikuu cha kwao Ulaya kuja kuchunguza mbung'o, yule nzi anayeleta malale. Watu wakamwita Bwana Mbung'o, na mimi sitamtaja kwa jina jingine.

Nyinyi mnaolala kwenye vyandarua malale hamuijui. Mbung'o anakuuma porini. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Baadaye unaanza kusinzia mchana, tonge liko mkononi na macho yamefumba. Ukiwahi sindano unapona. Ukichelewa, mdudu anapanda kichwani, mtu anawakataa hata watoto wake, na mwisho hali, haongei, anakwisha kama mshumaa. Sasa namna ya kumjua mgonjwa kabla hajaharibika ilikuwa moja tu. Unamchoma kidole, unapaka tone la damu kwenye kioo, unalitia rangi, unalitazama kwa hadubini. Hapo ndipo penye shida. Lazima uombe damu.

Na Bwana Mbung'o aliomba vibaya! Kiswahili alikisoma kitabuni, na kilikuwa safi kama sahani isiyo na chakula. Mkutano wetu wa kwanza, Nambambo, alikataa nisimtangulie kusema. Akasimama, akavua kofia, akasema kwa sauti nzuri kabisa: "Enyi watu, nimekuja kutafuta damu yenu." Nilipofungua macho yangu, uwanjani alibaki kuku mmoja.

Tangu siku hiyo alinipa mimi mdomo, akabaki na kichwa. Na mimi nilijifunza kazi kwa kuifanya. Usianze na damu. Anza na nzi. Mtu anamjua nzi, amegombana naye tangu utotoni. Nilikuwa natembea na mbung'o wakavu kwenye kiberiti, nawauliza wazee: mbung'o na nzi wa chooni mnawatofautishaje? Hapo kila mtu ni fundi, wanabishana wenyewe. Nikishaona wamepandisha sauti, ndipo nawaonyesha mabawa. Mbung'o akitua hukunja mabawa moja juu ya jingine. Mwanzoni nilikuwa nasema kama mikono ya mtu aliyesimama kwenye swala, mpaka mwalimu wa chuo cha Kurani akanikemea mbele ya watu, "Huna kingine cha kumfananisha nacho mdudu huyo?" Nikabadilisha, ikawa kama makasi yaliyofungwa. Mfano ukimuudhi mmoja, utupe, hata kama ni mzuri.

Hadubini nayo ina elimu yake. Mtu asiyeizoea hufumba jicho linalotazama na kufumbua lile jingine. Bibi mmoja wa Mkotokuyana alitazama muda mrefu, akasema anaona majani. Bwana Mbung'o akaruka kwa furaha, kumbe bibi alikuwa anatazama kope zake mwenyewe. Mimi nikawa nawapa kwanza unywele wao wenyewe wautazame. Mtu akishaona unywele wake umekuwa mnene kama kamba, huyo ni mwanafunzi wako.

Jioni tukisubiri ugali, Bwana Mbung'o alikuwa ananisimulia maisha ya chuo kikuu. Nilidhani atasifia majumba. Alinisimulia woga. Alisema huko msomi akigundua jambo lazima asimame mbele ya wenzake alisome, na wenzake wamekaa pale kutafuta ufa. Ukikosea mara moja, mwaka mzima wanakucheka chini chini wakinywa chai. Yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, usiku wa kuamkia kusoma mbele ya wenzake alikuwa anatapika.

"Kwa hiyo umekimbilia huku?" nikamuuliza.

"Huku kuna simba tu, Salum."

Tulicheka. Alikuwa hajui bado huku kuna nini.

Kulikuwa na mumiani. Vijana wa leo mkisikia mnatabasamu. Wakati ule hakuna aliyetabasamu. Ilisemwa kwamba wako watu wanaotumwa kukamata watu njiani, wanawaning'iniza, wanawakamua damu, na damu inapelekwa kutengenezwa dawa ya Wazungu. Anayetumwa ni Mwafrika mwenzako, anayevaa viatu na kula vizuri ghafla. Nijitazame basi. Viatu ninavyo. Nakula vizuri. Natembea na Mzungu, na kwenye sanduku letu kuna vioo vyenye damu za watu. Nani mumiani kuliko mimi?

Mama yangu mzazi nilimpelekea nyama, mguu mzima wa mbuzi. Aliupokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Jioni nikauona mguu ule nyuma ya nyumba, mbwa wanaugombea. Tangu hapo, kila nilipotoka kwenda kazini, nilikuwa natembea huku nasikiliza nyuma.

Sasa nisikilizeni yaliyotupata upande wa mto Mbwemkuru. Mengine yote niliyoandika ni kutia chumvi mdomoni.

Ilikuwa kiangazi, mto umekauka, umebaki mchanga mweupe. Tulipiga hema karibu na kijiji kimoja cha Wamwera, watu wa mtama na ufuta, wapole. Tulikuwa watatu, mimi, Bwana Mbung'o, na Petro, Mmakonde aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, fundi wetu wa kutia rangi vioo. Petro alikuwa anaweza kukaa siku nzima bila kusema neno, kwa hiyo tulielewana sana. Dereva alikuwa amerudi Nachingwea na lori kuchukua mafuta na chakula.

Niliifanya kazi yangu, nzi kwanza, nywele baadaye, watu wakacheka, wachache wakatoa vidole. Mmoja wao alikuwa Hassani, mrina asali, kijana wa makamo, anayelala porini siku nyingi akifuata nyuki. Alikuja ameshikwa mkono na mama yake, Bi Mwanaisha, mwanamke mfupi mwenye macho makali. Hassani alikaa kwenye kiti, na kabla Petro hajamchoma kidole, akawa amesinzia.

Jioni ile Petro alitazama kioo cha Hassani, akamwita Bwana Mbung'o. Bwana Mbung'o akatazama, akaniita mimi. Walikuwemo, wale wadudu wenye mikia, wanapinda kati ya chembe za damu. Bwana Mbung'o akasema bado ana nafasi, lakini ni ndogo. Lori likirudi kesho apelekwe hospitali Nachingwea akachomwe sindano. Nikasema kesho asubuhi nitazungumza na mama yake, taratibu.

Asubuhi sikupewa nafasi ya taratibu.

Kwanza lazima mjue visima vya kule. Mto ukikauka, kila ukoo unachimba shimo lake mchangani, maji yanachuruzika polepole chini, na shimo linazungushiwa miiba nguruwe asiingie. Bwana Mbung'o alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Hakutaka rangi za Petro zimwagwe karibu na hema. Petro alikuwa na chupa mbili, ya rangi ya bluu na ya rangi nyekundu, na ile nyekundu ilikuwa imechakaa. Jioni ile, bila kumwambia mtu, Bwana Mbung'o akaichukua mwenyewe akashuka mtoni. Akaona mashimo yenye miiba, akasema haya ni ya watu. Akaona moja halina miiba, akasema hili limeachwa. Akamwaga, akasuuza chupa, akarudi anapiga mluzi.

Shimo lile lilikuwa la kina Hassani. Halikuwa na miiba kwa sababu mwenye kuweka miiba alikuwa anasinzia.

Alfajiri mkewe Hassani akateremka na mtungi. Alichota, akaona maji yana wekundu, kama maji ya kuoshea nyama. Jana mume wake kachukuliwa damu. Leo kisima cha mume wake, hicho peke yake kati ya vyote, kina damu. Wewe ungefikiri nini? Mimi ningefikiri hivyo hivyo.

Nilisikia mayowe, halafu ngoma. Siyo ya kuchezea. Nikatoka hemani, nikawaona wanaume wanakuja kupitia kwenye mabua ya mtama, mapanga mkononi, hakuna anayesema. Wenye kelele huwa wanapozwa. Hawa walikuwa kimya, wakatuzunguka wakasimama.

Jumbe akaja mbele, jasho linamtoka. Akanivuta mkono. "Salum, mimi ni jumbe wa serikali. Lakini serikali iko Nachingwea, na mimi nalala hapa. Sema kitu."

Nilipoambiwa habari ya kisima nilimgeukia Bwana Mbung'o, na usoni kwake nikaona yote. Mzungu akipauka anakuwa wa kijivu.

"Waambie ni rangi," akasema. "Inaitwa eosini. Waambie haina madhara."

"Bwana, nikilitamka neno hilo tumekwisha."

"Basi twende kisimani, nitayanywa maji yale mbele yao."

"Ukinywa watasema nini? Mwenye sumu hafi kwa sumu yake. Watasema damu umeizoea."

"Nitajichoma kidole. Wataona natoa yangu."

"Kisha wao ndio wataimalizia."

Petro alikuwa ameshapiga magoti, anafanya ishara ya msalaba. Mimi ulimi ulikuwa umekauka, umenata juu, huu ulimi wa lugha nne. Watu husema mtu akiogopa sana anaona maisha yake yote. Mimi niliona ule mguu wa mbuzi tu.

Hapo nikasikia kilio kutoka nyumbani kwa Hassani. Wanawake walikuwa wanamlilia kama wanavyolilia maiti, naye bado anapumua. Nikakumbuka kitu. Mimi ni Mngindo. Hawa ni Wamwera. Mngindo na Mmwera ni watani tangu mababu. Kwenye msiba mtani haitwi na hazuiwi. Anaingia bila hodi, anatukana, anachukua kuku, anaiga sauti ya marehemu, na ndiye anayeshika jembe la kaburi. Na mtani hapigwi. Lakini hayo ni ya msiba wa kweli. Kumwendea mtu aliye hai kwa utani wa mazishi, kijiji kimeshika mapanga, hilo sijasikia likifanywa na mtu. Kama wangeukubali utani, nimeokoka. Kama wangekaa kimya, basi wamenikana, na aliyekanwa na watani zake hana ukoo wa kumuulizia.

Nikaanza kutembea. Waliokuwa mbele yangu hawakusogea, nikapita katikati yao bega kwa bega, harufu ya jasho lao naisikia mpaka leo. Nilikwenda mpaka kwa Hassani.

Hassani alikuwa amelazwa barazani kwenye mkeka, mdomo wazi, nzi wanamtua. Bi Mwanaisha amekaa ubavuni kwake, amejifunga kaniki kama mfiwa. Sikusema hodi. Nikaingia jikoni, nikachota majivu nikajipaka usoni. Nikamkamata jogoo aliyekuwa anazungukazunguka, nikamfunga miguu. Nikarudi barazani nikajitupa kwenye mkeka, nikamsukuma Hassani kwa kiuno.

"Sogea!" nikapiga kelele. "Nani kafa hapa? Nimeacha shughuli zangu kuja kuzika, nakuta marehemu anakoroma! Nyie Wamwera hata kufa hamjui?"

Kilio kikakatika. Wanaume walikuwa wametufuata, wamejaa uani. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimelala chali, na juu yangu naona ncha ya panga la mtu na mbingu nyuma yake. Jogoo anapapatika kifuani kwangu, na sijui kama ni yeye au ni moyo. Nilimtazama Bi Mwanaisha. Naye alinitazama kama unavyotazama nyoka aliyeingia ndani, ukiwa hujajua utampiga na nini.

"Wangindo," akasema mwishowe, sauti imekauka, "tembo wamewafukuza kwenu, mkaja hapa na njaa yenu. Hata maiti hamuwezi kuingoja ipoe."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Kilikuwa kicheko, kimepotea njia.

"Ningengoja," nikasema, "lakini jogoo wenu mwenyewe manyoya matupu. Akikaa mpaka kesho atakuwa amekonda zaidi."

"Mwache jogoo wangu, mwizi we!" Akachukua upawa akanitandika begani. Jamani, nimepigwa mara nyingi maishani, na polisi wamenipiga, lakini sijapata kupigwa kwa raha kama siku ile. Wanawake wakaanza kunizomea na kunitukana, mimi nikawarudishia, na kwa mbali nikaona mapanga yanashuka. Mumiani hana mtani.

Usifikiri yalikwisha hapo. Bi Mwanaisha akaweka upawa chini, akasogeza uso wake karibu na wangu, akasema polepole, "Sasa niambie, mtani. Damu ya mwanangu mmeifanya nini?"

Pembeni yake kulikuwa na ukili wa mkeka alioacha kusuka, miyaa mingine myeupe, mingine myekundu. Nikauokota. "Mama, hii miyaa umeipaka na nini?"

"Rangi ya dukani. Unaichemsha nayo."

"Inashika yote sawa?"

"Iliyokauka vizuri inashika. Mibichi inakataa."

"Basi na sisi tunatia damu rangi. Mdudu wa malale ni mdogo, haonekani. Lakini rangi inamshika kuliko inavyoshika vingine, ndipo anaonekana. Na rangi yetu ni nyekundu kama yako."

Akafikiri. "Na mimi rangi iliyobaki naimwaga nyuma ya choo. Kila mwanamke hapa anajua hivyo. Nani aliyeimwaga kisimani?"

Nilimtazama tu Bwana Mbung'o, ambaye wakati huo alikuwa ameletwa uani na Jumbe, kofia mkononi.

"Huyu?" akasema Bi Mwanaisha. "Mkubwa wote huu? Hana mama?"

Akataka aone hiyo rangi inavyofanya kazi. Tukamchinja jogoo pale pale, Petro akapaka damu yake kwenye kioo, akakitumbukiza kwenye bluu, halafu kwenye nyekundu mpya, akakisuuza kwenye bakuli. Maji ya bakuli yakawa kama ya kisima. Bi Mwanaisha akachovya humo mwaa mweupe, akaungoja, akautoa, akausugua kwa kidole gumba. Rangi ilikaa. Akachovya mwaa mwingine kwenye damu ya jogoo, akausuuza, damu ikatoka. Akaiweka yote miwili mkononi, akakaa anaitazama.

"Sijaamini," akasema. "Nimechoka tu kumtazama anakwisha. Mchukue. Lakini uende naye wewe. Akifa, wewe ndiye utakayeniletea habari. Usimtume mtu, usimpe Jumbe. Uje mwenyewe kwa miguu yako, uingie kwa mlango huu."

Nikasema nitakuja.

Mpaka lori lilipofika, Bwana Mbung'o alikuwa mtoni anachimba kisima kipya, wanawake wamemsimamia, "Pembeni huko! Hapo ni jiwe, huoni?" Profesa mzima, mchanga mpaka kwenye nywele. Alichimba vizuri, nisimdhulumu. Lakini wale wanaume hawakwenda mashambani. Walikaa ukingoni, mapanga mapajani, wakimtazama mgongo.

Njiani nilikaa nyuma ya lori na kichwa cha Hassani magotini kwangu. Aliamka mara moja. "Tunakwenda kurina?" "Ndiyo." "Mzinga wa wapi?" "Wa Nachingwea." "Mkali?" Nikamwambia mkali kidogo. Akalala tena. Kila lori liliporuka niliweka kidole puani kwake.

Hospitalini tulikaa muda mrefu. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya, sindano zilimtapisha, akawa hanitambui. Nilikuwa nakaa nje kwenye ngazi, na kila mlango ulipofunguliwa niliiona ile njia ya kurudi Mbwemkuru, mimi peke yangu, natembea. Nilifikiri kukimbilia Lindi. Huko hakuna anayenijua, meli zinatia nanga, kazi zipo. Mara mbili nilifunga mzigo. Sijui kilichonizuia, na mimi ni mtu ninayejua mambo mengi.

Bwana Mbung'o alikuja kututazama. Alikuwa anaandika taarifa yake ya kwenda kuwasomea wenzake huko chuoni. Nikamuuliza, kisima umekiandika? Akasema hapana, wenzake wangemcheka, wangesema profesa hajui kumwaga chupa. Na ile habari ya jogoo na ukili? Hiyo pia hapana, hiyo siyo sayansi. Nilimwambia, "Bwana, basi atakayekuja baada yako naye atamwaga chupa kisimani." Hakukasirika. Kama baadaye aliandika au hakuandika, mimi sijui, kile Kiingereza chake cha vitabuni sikiwezi. Nyinyi mnaokiweza, mkiandika, muandike na kisima.

Asubuhi moja Hassani akaukataa uji. Akasema hauna asali, na mwenye kuupika hana adabu. Nikalia kama mtoto.

Tulimrudisha amekonda, lakini macho yake yako wazi mchana kutwa. Nilitegemea vigelegele. Tuliposhuka kwenye lori watu walikuwa wamesimama milangoni, hakuna aliyekuja. Nikaelewa. Aliyechukuliwa na mumiani hurudi? Anayerudi ni ndondocha, mtu aliyekatwa ulimi akili ikachukuliwa, mwili ukaachwa utembee. Mtoto mmoja alianza kukimbia kumfuata Hassani, akavutwa nyuma kwa nguo.

Bi Mwanaisha akaja. Hakumkumbatia. Alimzunguka, akamshika taya, akasema, "Fungua." Hassani akafungua mdomo. Mama akautazama ulimi, akauvuta kwa vidole viwili. Ndipo akamshika mkono akampeleka nyumba kwa nyumba, kila mtu amguse aone ana joto. Wengi walimgusa. Wapo waliomgusa kisha wakaenda kunawa.

Kesho yake tuliweka meza yetu, viti, vioo, chupa. Mtu wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwanaisha, peke yake, kanga safi. Akakaa kwenye kiti alichokaa mwanawe, akaweka mkono mezani, kiganja juu. Akauondoa, akaurudisha tena. Petro akashika sindano, akaniangalia.

"Mama," nikasema, "kama unaogopa, tutangoja."

"Tutangoja nini? Niache kuogopa?" Akamsogezea Petro kidole. "Choma. Na wewe Mngindo, usitazame kidole. Nitazame mimi usoni mpaka amalize."

Nikamtazama.